RTX 3090 mbili katika mashine moja: volteji hazilingani. Ni hitilafu au ni tabia ya chipu?

Mleta uzi

Wakuu, naomba tulijadili suala hili kwa kina, kwa sababu majibu mengi niliyoyakuta yanaishia kwenye neno "kawaida" bila kueleza ukawaida huo unatoka wapi.

Nina mashine ninayoitumia kutengenezea picha za pande tatu kwa Blender na kuendeshea modeli za lugha. Ina kadi mbili za picha za RTX 3090, za mtengenezaji mmoja na toleo moja, zilizounganishwa kwa daraja la NVLink. Chini ya mzigo kamili, kadi iliyo katika sloti ya juu, nitakayoiita A, inasoma volti 0.887 kwa kasi ya megahezi 1755 na joto la nyuzi 76. Iliyo chini, nitakayoiita B, inasoma volti 0.943 kwa megahezi 1830 na nyuzi 64. Zote mbili zinaonyesha matumizi ya wati 350. Kuna jambo la pili ambalo sijui kama linahusiana na hili: kazi ikiwa ndefu, mara mojamoja kadi A hupotea kabisa kwenye mfumo, na hairudi mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya.

Maswali yangu ni haya. Je, daraja la NVLink halipaswi kuzilinganisha kadi hizi? Je, niiongezee A volteji ili ifikie B? Na je, hii ni dalili kwamba A inaelekea kufa?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umefanya vizuri kutaja kasi, joto na wati pamoja na volteji, kwa kuwa volteji ikisomwa peke yake haielezi chochote. Naanza na swali la daraja kwa sababu jibu lake ni fupi. NVLink hupitisha data tu kati ya kadi na kadi, kwa RTX 3090 ikiwa ni gigabaiti 112.5 kwa sekunde ukijumlisha pande zote mbili. Haina njia yoyote ya kupeleka umeme wa kiini kutoka kadi moja kwenda nyingine. Kila kadi ina saketi zake za kushusha volti 12 hadi karibu volti 1, na kila moja hujiamulia.

Hujiamulia vipi? Ndani ya kila kadi kuna mkunjo unaooanisha volteji na kasi, yaani kwa kila hatua ya volteji kuna kasi ambayo chipu hiyo imeruhusiwa kuifikia. Mfumo wa GPU Boost hupanda juu ya mkunjo huo hadi ukutane na kikomo cha kwanza, kiwe cha wati, cha joto, cha volteji ya juu inayoruhusiwa, au kutokuwepo kwa kazi ya kutosha. Panapofikia kikomo ndipo kadi husimama, na volteji unayoisoma ni ya hatua hiyo. Kwa hiyo volteji ni matokeo. Badala ya kuuliza kwa nini volteji zinatofautiana, uliza kila kadi imebanwa na nini, na kwa nini imebanwa mahali tofauti na mwenzake.

Kwa vipimo vyako, zote mbili zimebanwa na wati 350, ambacho ndicho kikomo cha kiwandani cha RTX 3090 ya kawaida. Lakini wati hizo 350 ni za kadi nzima. Ndani yake mna matumizi ya chipu, kumbukumbu, feni, na hasara ya saketi za kushusha umeme. RTX 3090 ina chipu 24 za kumbukumbu za GDDR6X, na 12 kati yake ziko mgongoni mwa kadi, ambako upozaji ni hafifu. Kadi ambayo kumbukumbu yake inakula wati nyingi zaidi hubakiwa na wati chache za kiini, na kiini kikipewa wati chache hushuka kwenye mkunjo, kasi na volteji vikashuka pamoja.

Halafu kuna joto. Kadi yako ya juu inavuta hewa ambayo kadi ya chini imekwisha kuipasha moto. Chipu ikiwa ya moto, mkondo unaovuja kwenye transista zake huongezeka, na mkondo huo unahesabiwa ndani ya zile zile wati 350 ingawa haufanyi kazi yoyote. Tofauti ya nyuzi 12 kati ya A na B inatosha kuonekana kwenye vipimo.

Kuhusu kuiongezea A volteji, ningekushauri usifanye hivyo kabisa. Kwa kasi ile ile, umeme unaotumiwa na chipu katika kubadili hali za transista hukua kwa mraba wa volteji. Kutoka 0.887 hadi 0.943 ni ongezeko la asilimia 6 hivi, lakini ukipiga mraba unapata asilimia 13. Kadi A tayari imegonga ukuta wa wati, kwa hiyo ukiilazimisha itumie volteji kubwa kwa kila hatua ya kasi, italazimika kurudi nyuma zaidi, na utaishia na kadi ya moto zaidi inayokwenda polepole zaidi.

Kabla ya kugusa chochote, naomba ufanye majaribio yafuatayo na uturudishie majibu. Fungua programu ya kupima ya GPU-Z mara mbili, kila dirisha likitazama kadi moja, uangalie safu ya PerfCap Reason wakati mzigo umekolea. Ikisomeka Pwr, kadi inabanwa na wati; Thrm ni joto; VRel ni volteji. Kwa anayetumia mstari wa amri, nvidia-smi -q -d PERFORMANCE hutoa habari ya namna hiyo hiyo. Linganisha pia toleo la BIOS (programu ya ndani ya kadi inayobeba vikomo vyake) la kadi zote mbili, kwa sababu kadi za toleo moja zilizotengenezwa kwa nyakati tofauti zinaweza kubeba BIOS zenye vikomo tofauti, na baadhi ya kadi zina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua kati ya BIOS tulivu na BIOS ya kasi. Swichi moja ikiwa upande huu na nyingine upande ule, hutalinganisha kitu.

Ukishahakikisha hayo, badilishana nafasi za kadi, A iende chini na B ije juu, kila kitu kingine kikibaki kama kilivyo. Kisha, kama utakuwa na subira, jaribu kila kadi peke yake katika sloti moja na kebo zile zile, kasi ikiwa imefungwa kwa nvidia-smi -lgc 1500,1500. Kasi ikifungwa mbali na kikomo cha wati, volteji utakayoisoma ni ile ambayo chipu yenyewe inaihitaji kwa kasi hiyo, bila kelele za sloti na jirani.

Mchangiaji wa pili

Naomba nipingane kidogo. Mimi nimetumia kadi pacha tangu enzi za SLI, mfumo wa NVIDIA wa kuunganisha kadi mbili, na katika mashine zile kadi zote mbili zilisimama kwenye kasi moja bila kuyumba. Sioni kwa nini tukubali leo tofauti ya milivolti 56 kama jambo la kupuuzwa. Aidha, naona draiva ndiyo yenye mamlaka ya mwisho, kwa hiyo hatua ya kwanza iwe kuiondoa kabisa kwa programu ya DDU na kuisakinisha upya.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, kumbukumbu yako ni sahihi, ila ni ya zama nyingine. Kabla ya GTX 680 kutoka Machi 2012 na kuleta GPU Boost, kadi ilikuwa na kasi moja iliyotangazwa kwa mzigo kamili, nayo iliishikilia. Baada ya hapo kasi ikawa kitu kinachotafutwa kila mara kulingana na vikomo, na kadi mbili za aina moja zikaanza kusimama mahali tofauti bila yeyote kuzichezea. Hata hivyo hoja yako ina uzito upande mmoja: katika michezo iliyotumia SLI kwa kupokezana fremu, kadi moja ikichora fremu ya kwanza na nyingine ya pili, kadi ya polepole ndiyo iliyoamua mwendo wa zote, na tofauti ya kasi ilionekana kwa macho. NVIDIA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaongeza tena profaili mpya za SLI kwenye draiva kwa RTX 20 na zilizotangulia, na wengi wanaonunua kadi mbili leo si kwa ajili ya kupokezana fremu.

Kwa kazi za mleta uzi mambo yanategemea namna kazi inavyogawanywa. Blender huigawia kila kadi sehemu yake, na iliyo haraka humaliza zaidi. Katika modeli za lugha, tabaka zikigawanywa nusu kwa nusu, kadi moja huhesabu wakati nyingine ikisubiri, kwa hiyo kila moja hupanda na kushuka kwa zamu. Mtu akitazama volteji katika hali hiyo ataona namba zinarukaruka kama watoto wanaocheza bembea, huyu juu yule chini, na akidhani ni hitilafu atahangaika bure. Mgawanyo wa aina nyingine, ambapo kadi zote mbili hushughulikia kila tabaka kwa pamoja, ndio unaofanya kadi ya haraka imsubiri mwenzake, na hapo tofauti ya megahezi 75, yaani kama asilimia 4, inaingia moja kwa moja kwenye muda wa kazi.

Draiva isakinishwe upya, sina pingamizi, ila haina uwezo wa kubadilisha sifa ya silikoni.

Mleta uzi

Nashukuru sana, wakuu. Nimefanya majaribio yote, na nimeyaona yana jibu zuri kuliko nilivyotarajia.

BIOS za kadi zote mbili ni toleo moja na swichi ziko upande mmoja. PerfCap Reason inasomeka Pwr kwa zote. Draiva niliisafisha na kuisakinisha upya, na namba hazikubadilika hata kidogo.

Baada ya kubadilishana nafasi, kadi A ikiwa chini inasoma volti 0.906 kwa megahezi 1800, na kadi B ikiwa juu inasoma volti 0.912 kwa megahezi 1770. Kwa maneno mengine, tofauti imeshuka kutoka milivolti 56 hadi 6, na sasa A ndiyo yenye kasi kubwa zaidi ingawa volteji yake bado iko chini.

Kasi ilipofungwa kwenye megahezi 1500, kila kadi ikiwa peke yake katika sloti moja, A ilihitaji volti 0.793 na B volti 0.812. Lakini hapa kuna jambo lililonishangaza: A, yenye volteji ndogo, ilitumia wati 262, na B, yenye volteji kubwa, ilitumia wati 248. Ningetarajia kinyume chake.

Mchangiaji wa tatu

Nimekuwa nikisoma kimya, ila vipimo hivi vimenifanya niingie, kwa sababu ni nadra kumwona mtu akitenganisha kadi na nafasi yake kwa utaratibu namna hii.

Tuanze na hesabu. Katika mpangilio wa kwanza B ilikuwa juu ya A kwa milivolti 56, na baada ya kubadilishana ilibaki juu kwa milivolti 6. Mpangilio wa kwanza unajumlisha athari ya kadi na athari ya nafasi, na wa pili unazitoa moja kutoka kwa nyingine. Jumlisha 56 na 6, gawa kwa mbili, unapata 31, ambayo ni sehemu inayotokana na kadi zenyewe. Inayobaki ni 25, na hiyo ni ya sloti, yaani hewa ya moto. Ni makadirio, kwani athari hizi mbili haziko huru kabisa, lakini yanatosha kuonyesha kwamba hakuna mshtakiwa mmoja.

Sasa kuhusu mshangao wako. Chipu za muundo mmoja hazitoki kiwandani zikiwa sawa. Nyingine zina transista zinazofunguka kwa urahisi, hivyo hufikia kasi fulani kwa volteji ndogo, lakini transista hizo hizo hazifungi vizuri, na mkondo huvuja hata zisipofanya kazi. Nyingine ni ngumu zaidi, zinataka volteji kubwa ili kufika kasi ile ile, ila hazivujishi sana. Kadi A ni ya kundi la kwanza na B ni ya kundi la pili. Ndiyo sababu A inakula wati 14 zaidi kwa volteji ndogo. Zamani GPU-Z ilikuwa na kipimo kilichoitwa ASIC Quality kilichowagawa watu katika makabila mawili ya wenye kadi "bora" na kadi "mbaya", ingawa kilichokuwa kikipimwa kilihusu zaidi uvujaji huu kuliko ubora wowote.

Kutokana na hilo, mpangilio wako wa awali ulikuwa mbaya kuliko yote inayowezekana. Uvujaji huongezeka kwa joto, na kadi inayovuja zaidi ndiyo uliyoiweka mahali pa moto zaidi. Iache A chini. B, isiyovujisha sana, itastahimili sloti ya juu bila kupoteza mengi.

Lakini sijaridhika na lile jambo la kadi kupotea, na naona wachangiaji wameliruka. Hilo halitokani na volteji ya kiini. Katika Linux huambatana na ujumbe wa Xid 79, unaomaanisha kwamba mfumo haukuweza tena kuifikia kadi kupitia PCIe, yaani njia ya data ya sloti, na miongoni mwa sababu za kuangalia mapema ni umeme unaoingia na jinsi kadi ilivyokaa katika sloti. Tafadhali tueleze kadi zinapata umeme kwa kebo ngapi kutoka kwenye pawa saplai, na programu ya HWiNFO inasoma volti ngapi kwenye plagi za pini 8.

Mleta uzi

Kadi ya sloti ya juu inatumia kebo moja yenye plagi mbili mwishoni. Ya chini inatumia kebo mbili tofauti. Kwa mzigo kamili, plagi za juu zinasoma volti 11.78 na za chini volti 11.89.

Mchangiaji wa tatu

Ndivyo nilivyoshuku. Tuweke wazi kwanza kwamba volti 11.78 iko ndani ya kiwango, kwa kuwa ukomo wa kawaida wa asilimia 5 unaruhusu hadi volti 11.4. Vilevile tofauti hii haiwezi kueleza tofauti ya volteji ya kiini. Saketi ya kushusha umeme ikipewa volti 11.78 badala ya 11.89, inavuta tu mkondo mkubwa kidogo na kutoa kile kile ilichoagizwa. Wanaochanganya volteji hizi mbili, ya kuingia na ya kiini, ndio wanaobadilisha pawa saplai na kushangaa namba zikibaki vilevile.

Tofauti yenyewe inaelezeka kwa kalamu na karatasi. Sloti ya PCIe inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na plagi ya pini 8 imewekewa wati 150. Tuchukulie kwamba kati ya wati 350, wati 290 zinapitia plagi. Hiyo ni kama ampea 24. Waya wa unene wa 18 AWG una ukinzani wa karibu omu 0.021 kwa mita. Katika kebo ya sentimita 60 yenye nyaya tatu za volti 12, na tukihesabu kwenda na kurudi, tunapata omu 0.0084, na ampea 24 zikipita hapo zinapoteza volti 0.20. Mzigo huo ukigawanywa kwenye kebo mbili, upotevu unakuwa volti 0.10. Tofauti ni volti 0.10, na wewe umepima 0.11. Iliyobaki ni ya viungo.

Tatizo liko kwenye joto la plagi na kwenye vilele vya mkondo. RTX 3090 hupiga vilele vinavyozidi sana wati 350 kwa sehemu ndogo ya sekunde, ambavyo programu za kupima hazivioni kwa kuwa zinasoma polepole. Kebo moja inayobeba kilele cha kadi nzima hushuka zaidi ya hapo unaposoma, na kama mguso wa pini mmoja ni hafifu, hushuka zaidi bado. Zima mashine, toa waya wa ukutani, uipe kila plagi kebo yake, na uhakikishe klipu za plagi zimelia. Usichanganye kebo za pawa saplai tofauti hata kama plagi zinaingia, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana na unaweza kuiunguza kadi.

Mleta uzi

Nimefanya hivyo. Plagi za juu sasa zinasoma volti 11.88, na hakuna kadi iliyopotea tena chini ya mzigo ule ule uliokuwa ukiiangusha A. Nilipochomoa ile kebo ya zamani niliona plastiki ya plagi moja imebadilika rangi kidogo upande wa pini za volti 12, kwa hiyo nimeitupa.

Swali langu la mwisho: nikitaka kupunguza joto, je, niziwekee kadi zote mbili volteji moja, tuseme volti 0.850, ili angalau zilingane?

Mchangiaji wa kwanza

Usizilinganishe kwa volteji, zilinganishe kwa kasi. Chagua kasi moja, kwa mfano megahezi 1695, kisha katika programu ya Afterburner uitafutie kila kadi volteji yake ndogo inayoivumilia kasi hiyo bila makosa katika kazi ndefu. Kwa vipimo vyako, A itakubali chini ya B kwa karibu milivolti 20. Kumbuka kuondoa alama kwenye chaguo la kusawazisha mipangilio ya kadi zinazofanana, la sivyo mkunjo utakaouchora kwa A utaandikwa pia kwa B. Ukipenda njia rahisi zaidi, nvidia-smi -pl 300 inashusha kikomo cha wati kwa kadi zote mbili bila kugusa mkunjo, na kasi inayopotea ni ndogo kuliko wati zinazookolewa, kwa kuwa juu ya mkunjo kila megahezi ya mwisho hununuliwa kwa volteji ghali.

Mchangiaji wa nne

Samahani kwa kuingilia uzi wa watu wa NVIDIA. Mimi nina kadi mbili za zamani za AMD katika CrossFire, mfumo wa AMD unaofanana na SLI, na ya pili inasoma volti sifuri na megahezi sifuri nikiwa sifanyi kazi nzito. Je, maelezo haya yananihusu?

Mchangiaji wa tatu

Hali yako ni tofauti. Hiyo ni ULPS, njia ya AMD ya kuilaza kadi ya pili karibu kabisa inapokuwa haihitajiki, na programu za kupima huishia kusoma sifuri kwa sababu hakuna cha kusoma. Fungua mchezo au kazi inayotumia kadi zote mbili ndipo upime. Kama kadi ya pili haiamki hata chini ya mzigo, basi zima ULPS kupitia Afterburner, washa mashine upya, na utuletee vipimo vya kasi, joto na wati pamoja na volteji.